Ukungu wa Kashka-Tor: Wasifu wa Marehemu Burul Satarova (1953–2024)

Burul Satarova, ambaye mchana huu anapelekwa makaburini katika kijiji cha Ak-Suu, alizaliwa huko huko Ak-Suu tarehe 14 Machi 1953. Asubuhi hiyo mama yake alikwenda kukamua ng'ombe wa shamba la ushirika, akarudi ameshika ndoo mkono mmoja na mtoto mkono mwingine. Hivyo ndivyo ukoo ulivyosimulia. Marehemu mwenyewe hakuwahi kukanusha. Alisema tu kwamba, kwa jinsi alivyomjua mama yake, ndoo ndiyo iliyobebwa kwa uangalifu zaidi.

Kabla ya kuendelea, lipo jambo moja ambalo marehemu aliomba lisifichwe katika wasifu wake. Kwa miaka kumi ya mwisho alikuwa akitafuta radhi ya mtu mmoja, Mwalimu Sabira Galieva wa mji wetu wa Karakol, rafiki yake wa kamba moja mlimani. Alifariki hajaipata. "Msinifanye malaika siku ya kunizika," alisema. "Someni yote, na jina lake mlitaje." Limetajwa.

Alikuwa mtoto wa nne kati ya sita wa Mzee Satar, mchunga farasi, na Bibi Ajar. Alipokuwa na umri wa miaka sita aliachiwa kondoo juu ya malisho ya kiangazi. Adhuhuri kondoo walionekana, yeye hakuonekana. Baba yake alimkuta nyuma ya mgongo wa kwanza wa mlima, viatu mkononi, akitembea.

"Unakwenda wapi?"

"Nilitaka kuona nyuma yake kuna nini."

"Umeona nini?"

"Mgongo mwingine."

"Na nyuma ya huo?"

"Sijui, baba. Umenikamata mapema."

Mzee Satar alimwadhibu kama ilivyostahili, kisha akaisimulia habari hiyo kwa majirani msimu mzima, na kila mara aliposimulia mgongo wa mlima uliongezeka mmoja.

Alisoma shule ya Ak-Suu kuanzia mwaka 1960 hadi 1970. Ripoti yake ya darasa la tatu imehifadhiwa hadi leo, na kwenye nafasi ya maoni mwalimu aliandika maneno mawili: "Anajua. Hakai." Baada ya hapo alijiunga na chuo cha ushonaji mjini Frunze, ambao leo ni Bishkek, akahitimu Juni 1972 akiwa fundi wa daraja la nne. Watu walioshangaa kwamba mtu asiyekaa alichagua kazi ya kukaa hawakuwahi kumwona akishona. Mguu wake ulikanyaga pedeli ya cherehani kama mtu anayepanda ngazi, na alipofika mwisho wa mshono aliinuka, akaenda hadi mlangoni, akarudi.

Kuanzia Septemba 1972 hadi karakana ilipofungwa mwaka 1994 alifanya kazi katika karakana ya nguo ya mji wetu, akishona sare za shule. Nusu ya watu wazima waliopo hapa leo walikwenda darasa la kwanza wamevaa kola alizoshona yeye. Baada ya karakana kufungwa alihamishia cherehani nyumbani, akashona mifuko ya kulalia na makoti ya manyoya ya bata kwa wapanda milima, kwanza wa hapa, kisha wa nje. Koti lake lilijulikana kwa mfuko mmoja wa ndani, upande wa moyo, ambao hakuna aliyemwagiza auweke. Alisema ni wa kuwekea soksi kavu.

Mlimani aliingia mwaka 1974, kupitia kambi ya wapandaji iliyokuwa juu ya bonde la mto Karakol. Hakupewa mshahara wa kupanda milima hata siku moja maishani mwake. Alipanda siku za likizo, siku za Jumapili, na siku nyingine ambazo daktari wa karakana aliziandika kuwa ni za homa. Kocha wa kambi, marehemu Rinat Usmanov, alimfunga kamba moja na msichana wa Kitatari aliyekuwa amemaliza chuo cha ualimu na akifundisha jiografia, Sabira Galieva. Mmoja alikuwa na haraka, mwingine alikuwa makini. Kocha Rinat alisema amewafunga pamoja ili wapatikane wapandaji wawili wa kawaida.

"Huyu anapanda kama anafukuzwa na polisi," Sabira alilalamika wiki ya kwanza.

"Na huyu anapanda kama anasahihisha mitihani," Burul akajibu.

Walidumu kwenye kamba hiyo miaka minane. Burul alijifunza kuandika tarehe kwenye daftari, na Sabira alijifunza kunywa chai akiwa amesimama.

Tarehe 3 Novemba 1979 Burul aliolewa na Keneshbek Ormonov, dereva wa lori la nafaka. Walijuana barabarani. Keneshbek alimpa lifti hadi mwanzo wa njia ya bonde, na kwa muda wote wa safari mguu wa abiria wake ulikuwa ukigonga sakafu. "Dada," alimwambia mwisho, "acha kukanyaga, lori langu litadhani lina breki mbili." Jumapili iliyofuata alimngojea pale pale. Mama mkwe, Mungu amrehemu, alikuwa na ulimi. Alipoona bibi harusi anapakia mkoba mwezi wa kwanza wa ndoa alimwita mwanawe uani kwa sauti ya kusikika mtaa mzima: "Keneshbek! Umeoa mke au umeoa upepo?" Naye Keneshbek akajibu kutoka chini ya lori: "Mama, upepo haurudi na kuni. Huyu anarudi nazo." Alimngojea kwa miaka ishirini na sita bila kumuuliza atarudi lini, hadi alipofariki yeye mwenyewe Aprili 2006.

Sasa habari ya Kashka-Tor.

Kwa vijana ambao hawakupanda enzi zile: kileleni palikuwa na rundo la mawe, na ndani ya mawe kopo, na ndani ya kopo karatasi. Kundi lililofika liliandika majina, tarehe na saa, likaacha karatasi yake, likaichukua ya kundi lililotangulia na kushuka nayo. Karatasi hiyo ndiyo iliyokuwa ushahidi. Aliyerudi nayo alihesabiwa, na hesabu hiyo ndiyo iliyompa mtu daraja lake na nafasi yake katika timu. Hakuna aliyeuliza picha. Mtu aliaminiwa kwa mwandiko wake.

Tarehe 16 Agosti 1981 Burul na Sabira walitoka hemani alfajiri kupanda Kashka-Tor. Kilikuwa kilele cha mwisho kilichobaki kwa Sabira ili atimize daraja la kuchaguliwa kwenda milima ya Pamir na timu ya wanawake mwaka uliofuata. Alikuwa amekingoja tangu chuoni. Ramani ya Pamir ilikuwa ukutani juu ya kitanda chake, na watu walimtania kwamba ndiyo mchumba. Saa tano ukungu ulishuka. Glovu za Sabira zilikuwa zimelowa, na vidole vya mkono wake wa kushoto vilianza kuwa vyeupe. Burul alikuwa mbele. Alifika kwenye rundo la mawe juu ya mgongo wa theluji, akapiga magoti, akalipekua. Hapakuwa na kopo.

Wakati huo, kamba ikiwa bado inavutwa kutoka chini, ukungu ulifunguka. Ulifunguka kwa muda wa kuhesabu hadi kumi, labda chini ya hapo. Aliona mgongo wa mlima ukishuka mbele yake, kisha ukipanda tena, na mwisho wake kilele chenyewe, cheusi, mwendo wa saa moja hivi. Rundo alilopiga magoti mbele yake lilikuwa la wapima ramani. Ukungu ukafunga. Sabira akafika, uso umejaa barafu.

"Kopo liko wapi?"

"Halipo. Theluji imelimeza."

"Ndipo hapa?"

"Ndipo hapa, shoga. Andika."

Sabira aliandika kwa mkono wa kulia, akaukumbatia wa kushoto kwapani. Waliweka karatasi katika kopo tupu la maziwa walilokuwa nalo. Sabira alilibusu jiwe la juu. Walikula maziwa ya mgando yaliyokaushwa, vipande viwili kila mmoja, wakashuka. Vidole vilipona.

Kocha Rinat aliwaamini. Kopo kumezwa na theluji lilikuwa jambo la kawaida. Lakini Julai 1982 wanaume wanne kutoka Frunze walipanda Kashka-Tor siku ya jua. Walilikuta kopo la maziwa kwenye rundo la wapima ramani, kisha wakaendelea mwendo wa saa moja na kulikuta kopo la kweli, na ndani yake karatasi ya mwaka 1979. Walirudi na karatasi zote mbili na kuziweka mezani, mbele ya kambi nzima.

"Ukungu ni ukungu," Kocha Rinat alisema. "Nani kati yenu hajawahi kupotea kwenye ukungu?"

"Tumepotea, kocha," sauti ikatoka nyuma, "lakini hatukusaini!"

Watu wakacheka. Sabira akasimama. "Mwandiko ni wangu," alisema. "Kama ni kosa, tumekosea wawili." Burul alikuwa amekaa mstari wa mbele, na mtoto wake wa miezi mitano, Aichurok, amempakata. Mtoto alianza kulia, naye akapata sababu ya kutoka nje.

Jina la Sabira liliondolewa kwenye timu ya Pamir wiki hiyo hiyo. Burul hakupoteza chochote, kwa kuwa mwenye mtoto anyonyaye hakuwa kwenye orodha. Sabira hakupanda mlima mrefu tena. Alifundisha jiografia miaka mingine thelathini na miwili, na karibu kila mwaka kulikuwa na mwanafunzi aliyesikia hadithi hiyo nyumbani na kuchora mlima ubaoni kabla ya kipindi, na mshale pembeni: "Mwalimu alidhani ni hapa." Sabira aliingia, akatazama, akasema, "Mteremko umeuchora vibaya," akausahihisha, akaanza somo.

Burul, kwa upande wake, hakutulia tena, kama aliwahi kutulia. Alikuwa juu ya Elbrus mwaka 1987. Mipaka ilipofunguka alikwenda kila alikoweza kufika kwa basi, kwa treni, kwa mwaliko wa watu aliowashonea mifuko ya kulalia: Demavend mwaka 1998, Ararati mwaka 2003, Nepal vuli ya mwaka 2007, mwaka mmoja baada ya kumzika mumewe, siku thelathini na moja kwa miguu. Mwaka 2010 alipanda Kilimanjaro, akarudi akinung'unika kwamba kwa siku sita nzima wapagazi walimwambia neno moja tu, polepole. "Watu wazuri sana," alisema, "lakini mbona neno hilo hilo? Hata mama mkwe wangu alikuwa anabadilisha." Mwaka 2012 alikwenda Bolivia, na hilo hata yeye alikiri lilikuwa mbali.

Walioongozana naye walimjua kwa jambo moja. Wenzake walipofika kileleni wakakumbatiana na kupiga picha, yeye aliendelea kutembea. Alilipita rundo la mawe, akalipita bango, akaenda hadi alipoona kwa macho yake ardhi inashuka pande zote. Wakati mwingine ilikuwa hatua kumi, na mara moja ilikuwa robo saa. "Burul, tumeshafika!" walimwita. "Nyie mmefika," alijibu, bila kugeuka. Walicheka, wakadhani ni mzaha wake.

Kutoka kila mlima alimtumia Sabira kadi, na Sabira aliibandika kwenye ramani ya dunia iliyokuwa darasani, kila kadi mahali pake, kwa pini.

Mei 2014 Mwalimu Sabira alistaafu, na wanafunzi wake wa zamani walimfanyia karamu. Walileta keki kubwa yenye umbo la mlima, na mshale wa sukari pembeni. Ukumbi mzima ulicheka, na Sabira alicheka kuliko wote. Kila mgeni alipewa nafasi ya kumtakia heri. Ilipofika zamu ya Burul alisimama, akaikataa maiki, akasema:

"Sabira, mimi nilikiona. Siku ile ukungu ulifunguka. Nilikiona kilele, kilikuwa mbele yetu, mwendo wa saa moja. Vidole vyako vilikuwa vimekufa, nami nilijua nikikwambia utasema twende. Nikakudanganya ili nikushushe. Sikukosea. Nilidanganya."

Sabira alikata kipande cha keki, upande wa mshale, akakiweka kwenye sahani ya mgeni aliyekuwa karibu.

"Vidole vilikuwa vyangu, Burul," alisema. "Ungeniuliza. Kaa, chakula kinapoa."

Tangu siku hiyo hakumsemesha. Waliishi mitaa miwili tofauti, milango ikitazamana kuvuka soko. Burul alipeleka maandazi kila sikukuu, na Sabira aliyapokea. Sahani ya mtu hairudishwi tupu, na yake haikurudi tupu hata mara moja. Ilirudi na tufaha, na jamu, mara nyingine na samaki mkavu wa ziwani. Haikurudi na neno. Marehemu aliipokea sahani mlangoni, akaigeuza juu chini kuangalia kama kuna karatasi imebandikwa, kisha akaosha.

Ugonjwa ulianza Novemba 2021 kama kikohozi. Hospitalini walisema mapafu yake yanakuwa magumu taratibu, na hakuna wa kuyarudisha. Mtu ambaye alipumua bila shida mita elfu sita juu ya bahari alianza kuhema kati ya jiko na kisima. Hata hivyo hakukubali kulala mahali pamoja. Kitanda kilihamishwa kutoka chumbani kwenda ukumbini, kutoka ukumbini kwenda barazani, na mwezi wa Julai mwaka huu kilipelekwa chini ya mti wa tufaha, pamoja na mtungi wa hewa na mpira wake. "Mama, unahama kila wiki kama mpangaji asiyelipa," binti yake alimwambia. "Natafuta mahali penye mwonekano," alijibu. Mahali palikuwa pale pale, ua huo huo, milima ile ile upande wa kusini.

Septemba watu walianza kuja kuagana. Kila aliyekuja aliketi karibu naye, wakaombana msamaha kwa mabaya yote waliyowahi kutendeana, na kila mmoja akamwambia mwenzake, niko radhi nawe. Walikuja washonaji, madereva, wapandaji wenye magoti mabovu. Alikuja hata bwana mmoja kutoka Frunze ya zamani, mmoja wa wale wanne wa siku ya jua, akalia. Burul alimpigapiga begani. "Ulifanya kazi yako, kaka. Mlima ulikuwa wazi, ungefanyaje." Kila jioni aliuliza swali moja: Sabira amekuja?

Tarehe 28 Septemba alimwita binti yake, akamtuma. Aichurok ana umri wa miaka arobaini na miwili, anafundisha chuoni Bishkek, na alidhani amekwisha kujua yote yaliyokuwa ya kujua juu ya mama yake.

"Mwambie Sabira kwamba hata kwenye karamu yake sikusema kweli yote," alisema, akipumzika baada ya kila maneno machache. "Vidole vilikuwa kisingizio. Nilikuwa na mimba ya miezi mitatu, na sikumwambia mtu kwa sababu kocha angenikataza kupanda. Pale juu nilianza kutokwa na damu. Niliogopa. Nilitaka kushuka kwa ajili yangu, na vidole vyake vilikuwepo, nikavitumia. Mbele ya watu nikajifanya nilimwokoa. Hilo ndilo ninaloliombea radhi. Lile la kwanza nililikiri mwenyewe, lakini kwa namna ya kupigiwa makofi."

Binti alikwenda. Mwalimu Sabira alimkaribisha jikoni, akamimina chai, akasikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Kisha alimtazama kama mtu anayesoma mwandiko mdogo.

"Kumbe ni wewe," alisema.

Aichurok aliinamisha kichwa.

"Miaka thelathini na mitatu nilidhani Pamir niliikosa kwa ukungu. Kumi tena, kwa vidole. Kumbe kulikuwa na abiria wa tatu kwenye kamba. Usiinamishe kichwa, mtoto, wewe hukuomba kupandishwa. Kunywa chai."

"Mama anaomba radhi yako, mwalimu. Hana siku nyingi."

"Najua anachoomba. Radhi si dawa ya kikohozi, umnyweshe mtu apate usingizi. Mimi nikiisema nitakuwa naimaanisha. Mwambie bado."

"Nimwambie bado tu?"

"Mwambie hivyo hivyo. Usimpambie."

Aichurok alitembea kurudi nyumbani akipita njia ndefu, akifikiria kama ampambie. Ingekuwa rahisi. Maneno yalikuwa mafupi, mgonjwa alikuwa akiyangoja, na hakuna ambaye angejua. Alifika barazani akamkuta mama yake ameinuka, ameshika nguzo, mpira wa hewa umevutika hadi mwisho.

"Kasemaje?"

"Kasema bado."

"Hakusema hapana?"

"Hakusema hapana. Kasema bado."

Burul alicheka hadi akashikwa na kikohozi, na ilibidi akalishwe. "Huyo ndiye Sabira," alisema alipoweza. "Mwingine yeyote angenidanganya ili nilale." Kisha akaomba kitanda kihamishwe tena, upande unaotazama lango.

Kilikaa hapo siku kumi na moja. Marehemu Burul Satarova alifariki tarehe 9 Oktoba 2024, saa tatu asubuhi, macho yakiwa wazi, akiwa ameegemea mito mitatu. Muda mfupi kabla ya hapo aliuliza hali ya hewa huko juu. Aliambiwa kweupe. Aliuliza, "Pande zote?" Aliambiwa pande zote.

Asubuhi ya leo wanawake wa ukoo walikusanyika kumwosha. Walikuwa wamekwisha kukunja mikono ya nguo wakati Mwalimu Sabira alipoingia langoni, peke yake, bila kulia kwa sauti kama ilivyo desturi ya anayeingia nyumba ya msiba. Alivua koti. Alivaa aproni aliyokuja nayo.

Mama mmoja wa ukoo alimzuia mlangoni, kwa upole. "Mwalimu, anayeosha huwa amekwisha kusameheana na maiti. Umempa radhi?"

"Bado. Sijamaliza naye. Leteni maji."

Wanawake walitazamana. Kisha mmoja wao akamsogezea beseni. Alimwosha kuanzia kichwani hadi miguuni, taratibu, kwa umakini wake ule wa siku zote, na kila walipotaka kumpokea alisema ngojeni. Kwenye tumbo alisimama kidogo, kitambaa mkononi, akaendelea. Alipomaliza alimkausha vidole vya miguu kimoja kimoja. Alitoka akiwa amelowa hadi kwenye viwiko, akamkuta Aichurok amesimama ukumbini.

"Wakiuliza uani leo kama kuna mwenye kinyongo na marehemu, aseme kabla hajabebwa," alimwambia, "mimi nitakaa kimya. Hilo naliweza, na ni kweli."

Marehemu ameacha binti mmoja, Aichurok, na mkwewe, Talant. Wajukuu wawili, Bermet na Adil. Dada mmoja, Kalyicha, na kaka mmoja, Jumadil. Wapwa na majirani wasiohesabika. Na Mwalimu Sabira Galieva, aliyefungwa naye kamba moja tangu mwaka 1974.

Mungu ampokee. Udongo utakaomfunika uwe mwepesi kama hariri, na humo ndani, kwa mara ya kwanza, apumzike.